Nilipokatazwa Magazeti

Nesi wa zahanati alinipima presha, akatikisa kichwa, akanipima tena. "Mama, unakula chumvi nyingi?" Nikamwambia chumvi naionja tu. "Mafuta?" Kidogo. "Sasa unakula nini wewe?" Binti yangu, aliyekuwa amesimama pembeni kanishikia mkoba, akanijibia: "Magazeti."

Hakukosea. Tangu nistaafu ualimu, asubuhi sikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa natoka hapa kwangu Tabata mpaka kwenye meza ya magazeti pale kituoni, najipanga na wanaume wanaosoma vichwa vya habari bila kununua, nikishavimaliza vyote nanunua mawili nikasome ya ndani. Nikirudi nyumbani, redio nayo inasoma magazeti yaleyale, mtangazaji anapaza sauti utadhani nyumba inaungua. Halafu simu. Mafuriko, ajali, vita, nauli kupanda, mtoto kapotea, na kila kitu kina picha yake. Nilikuwa naanza habari hii sijaimaliza nimerukia ile. Jioni ukiniuliza nimesoma nini, siwezi kukueleza.

Basi binti akachukua hatua. Redio ikahamia chumbani kwake. Muuza magazeti akaonywa asiniuzie, na kweli akanigomea, eti "Mama, mwanao kasema." Simu yangu akaishika yeye, makundi yote akayazima, hadi la walimu wastaafu. "Pumzika, mama. Likitokea la maana nitakuambia mie."

Nisiwe mnafiki, mwanzoni nilistarehe. Nililala mchana, nikapanda mchicha nyuma ya nyumba, presha ikashuka. Nikiuliza kuna jipya gani, najibiwa, "Hamna, mama, shwari tu." Nchi nzima shwari! Nilijua nadanganywa, nikanyamaza kwa sababu usingizi ulikuwa mtamu.

Ikafika siku moja niko sokoni nachagua nyanya, nikasikia, "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa mwalimu mmoja mdogo kwangu, tuliyefundisha naye shule moja kule Temeke. Niliitikia marahaba, lakini uso wake ulikuwa wa lawama.

"Mwalimu, mbona hatukuoni kwa shoga yako? Hali yake si nzuri kabisa. Tumetangaza kwenye kundi weee, wenzio wote wamekwenda kumwona, wewe kimya. Na anakuulizia kila siku."

Hakuwa na haja ya kutaja jina. Huyo shoga yangu tulitoka naye kusini tukiwa wasichana, tukapangiwa shule moja, madarasa yetu yakatenganishwa na ukuta tu. Wanangu wote, aliyewaogesha walipozaliwa ni yeye. Nilijua kahamia kwa mwanawe Kunduchi. Kwamba yuko kitandani, sikujua. Nyanya niliziacha palepale mezani, nikarudi nyumbani mbio, naomba Mungu nimkute hai.

"Ulijua?" nilimuuliza binti hata mlango sijafunga.

Akainama. "Mama, presha yako. Nilitaka upate nguvu kwanza."

"Na yeye atanisubiri nipate nguvu? Akifa leo, utaniambia lini? Baada ya arobaini?"

Akaanza kulia. Nilimhurumia, maana najua ananipenda, lakini sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira hadi masikio yanawaka. Nikavaa baibui, nikanyoosha mkono. "Simu yangu. Na presha ni yangu pia. Kuanzia leo la kusoma nachagua mwenyewe."

Kunduchi nilipokewa mlangoni na mwanawe. Aliniamkia, kisha akaninong'oneza. "Mama mdogo, nakuomba, usimpe habari mbaya. Misiba yote tunamficha asije akashtuka. Hata kaka yake alipofariki hatukumwambia." Nilimtazama, sikumwahidi kitu.

Shoga yangu alikuwa kalala sebuleni kwenye godoro, kakonda mpaka nikashtuka. Aliponiona akavuta khanga hadi kidevuni.

"Shoga," nikamwita. Akamgeukia mwanawe.

"Na wewe unamwona?"

"Namwona, mama. Ni mama mdogo."

Hapo ndipo akashusha pumzi. "Ee Mola wangu! Mie nilijua umekufa. Nikikuulizia naambiwa hajambo, atakuja. Kila siku atakuja, atakuja. Mie mtu mzima, najua wagonjwa tunavyofichwa misiba. Nikasema basi, mwenzangu kaondoka. Nimekulilia ndani kwa ndani wasinione. Yasini nimekusomea weee!"

"Unaniombea pepo na mie niko Tabata nakula ugali?"

Tukacheka mpaka akapaliwa, na kicheko chenyewe kikaishia kwenye machozi. Nilimpangusa kwa mtandio wangu, naye akanipapasa uso kwa vidole, taratibu.

Alipotulia akajivuta, akaegemea ukuta. Macho yakawa yale ya darasani, ambayo mtoto hakuweza kuyadanganya. "Haya, nipe habari. Wangapi tumewazika? Nani na nani?"

Mwanawe, kule mlangoni, alinikazia macho huku akitikisa kichwa. Nikampa mgongo.

"Nitakupa moja moja, shoga," nikamwambia. "Ya kwanza tuimalize kabisa ndiyo twende ya pili. Kama siku imekwisha, nitarudi kesho."

"Anza."

Nilimshika mkono. "Kaka yako."

Alifumba macho. "Innalillahi," akasema. Akaubana mkono wangu kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo. "Nilijua. Huyu naye nilikuwa namlilia kimyakimya. Ngoja sasa nimlilie kwa sauti."

Akamlilia kwa sauti, na mie nikamshikilia.