Zeze Lisilo na Nyuzi

Jamani, hili sijawahi kumsimulia hata mke wangu, na msinicheke sana, maana mimi mwenyewe nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nianze kazi ya kutembeza wageni kwenye makumbusho yetu madogo hapa Dodoma, na siku hiyo wakaja wanafunzi wa chuo na mwalimu wao, nami nimevaa tai (ya kuazima, lakini nani alijua?), basi nikawa natamba kweli, hii ngao, hiki kibuyu, huu mgolole, hadi binti mmoja akanyoosha kidole kwenye zeze la kona, akauliza, "Kaka, mbona hili halina nyuzi?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Nikasema lilikuwa la mtemi. Mwalimu akataka kujua mtemi gani, nikatunga jina, wakaandika. Nilipoona wanaandika nikanogewa, nikaongeza kwamba siku mtemi alipozikwa nyuzi zilikatwa ili lisipigiwe mtu mwingine, tena sauti nikaishusha kabisa, utadhani nilikuwepo msibani.

Nyuma yao alikuwa ameketi bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake kutoka Zuzu. Nilimpa shikamoo mlangoni, basi, sikumuuliza hata kilichomleta. Akasimama polepole.

"Mwanangu, hilo alilitengeneza mume wangu. Akaugua, akafariki kabla hajalitia nyuzi. Nililileta hapa mwenyewe, wakaniambia kila mgeni atatajiwa jina lake."

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Futeni." Nikasikia kalamu zikikwaruza madaftari, zote kwa pamoja.

"Alikuwa anaitwa nani, bibi?" yule binti akauliza.

"Sajilo."

Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu, tai inaning'inia. "Bibi, nisamehe."

Alikuwa analitazama zeze, si mimi. "Mimi nimeshakusamehe," akasema. "Na yeye utamwombaje?"

Mjukuu akamshika mkono, wakatoka, nami nikabaki nimepiga magoti mbele ya watoto wa watu.

Jina la Mzee Sajilo nimeshalibandika ukutani kwa herufi kubwa, ila bibi hajarudi kuliona (mjukuu alinipigia simu, miguu imegoma kabisa). Siku hizi mgeni akiniuliza nisilolijua namwambia sijui, hata awe waziri, na kila nikilitamka najiuliza siku ile lilinishinda nini, neno jepesi hivi.