Nta ya Baba Kwenye Tangi la Lori

Siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ilikuwa siku ya lori bovu, jua kali na wanaume wanaobishana, na nimeikumbuka asubuhi hii kwa sababu yako. Nimemaliza kuswali, nachungulia uani, nakuta umelifungua lori lako kuukuu lote. Plagi zimepangwa kwenye sinia langu la kuchagulia mchele, kabureta inaogelea kwenye sufuria yangu. Nakuuliza lina nini, unasema, "Linakohoa tu, Bibi, halina nguvu." Nakuuliza limeanza lini, na nani aliligusa kabla halijaanza, unanikodolea macho. Jamani, nimechoka na nyie. Keti hapo juu ya tairi, futa mikono, na usiifutie kwenye kanga yangu.

Nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzi tu. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kaliua, kilikuwa kimepata lori. Lilikuwa la petroli, boneti yake duara, limeshatumiwa na wenyewe wa kwanza mpaka likachoka ndipo tukapewa sisi. Tulilipenda hivyo hivyo. Lakini lilikuwa mali ya wote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana kitu cha wote kila mtu ana la kusema juu yake na hakuna wa kuulizwa kikiharibika.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, Tabora mjini. Mwalimu mkuu wetu alikwisha kusema: asiyeripoti siku fulani kabla ya jua kuzama, nafasi yake anapewa mwingine. Baba hakutaka niende. Hakusema hapana, maana Baba hakuwa mtu wa kusema hapana. Alisema, "Ngoja nifikiri." Akafikiri mpaka treni ikapita Kaliua bila mimi. Mama akamnunia, chakula akawa anamwekea bila neno, mpaka akakubali tuondoke asubuhi ya siku ile ile ya mwisho, kwa lori la kijiji lililokuwa linapeleka tumbaku mjini, naye anisindikize.

Sasa, Baba alikuwa mrina asali. Watu wa nyuki, mwanangu, kila tundu wanaloliona wanataka kuliziba. Mzinga ukipasuka, nta. Kibuyu kikivuja, nta. Jino la babu yangu lilipotoboka, Baba alilizibia nta, na mzee akashukuru. Alfajiri ile aliona petroli inaruka pembeni mwa kifuniko cha tangi, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umekufa. Roho ikamuuma, petroli ya wananchi inamwagika hivi hivi. Akakanda nta na majivu, akauzungushia mdomo wa kifuniko, na kile kitundu kidogo cha katikati, akidhani ni kutu imekula, nacho akakiziba. Bwana Saidi, dereva wetu, alimsifu mbele ya watu.

Tukaenda vizuri mpaka tulipoingia porini. Huko lori likaanza kukohoa, likatetemeka kama mtu wa homa, likazima. Bwana Saidi akafungua boneti akasema ni plagi. Akazitoa, akazisugua kwa msasa moja moja bila haraka yoyote, na sisi huku juu ya marobota ya tumbaku mbung'o wanatuuma mpaka kwenye kope. Bwana Maganga, mjumbe wa kamati ya kijiji, yeye alisema mafuta yamekwisha. Akafungua tangi, akachovya kijiti. Mafuta yalikuwa tele. Akarudisha kifuniko, na Baba akashuka na donge lake la nta akakiziba upya. Lori likawaka likaenda. Bwana Saidi akatoa kichwa dirishani akasema, "Si niliwaambia ni plagi?"

Hatukwenda mbali, likakohoa tena.

Safari hii zikawa platini, vile vyuma vidogo vinavyopitisha cheche. Mara iliyofuata ikawa kabureta. Kila tuliposimama Bwana Maganga alifungua tangi akachovya kijiti chake, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, na Baba akashuka akaziba. Nchini chama kilikuwa kimoja, lakini pale barabarani vilizaliwa vitatu: cha plagi, cha kabureta, na cha waliosema lori limerogwa na kijiji jirani. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mmoja alifungua chake na kukaza chake, hakuna aliyemuuliza mwenzake umegusa nini. Nilitamani kuwapiga na sanduku langu.

Na kila tuliposimama Baba alitazama jua, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, labda Mungu hataki," alisema. "Likipita gari la kurudi Kaliua tupande, twende nyumbani." Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionichoma. Angenikaripia ningejua la kujibu.

Tulikuwa tumeshaipita Urambo, na alasiri inaingia, ndipo nilipousikia mlio. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa marobota, usawa wa tangi, Bwana Maganga akafungua kifuniko, na tangi likavuta hewa, fyuu, kama mtoto aliyeibuliwa majini. Nikakumbuka duka la Mhindi pale Kaliua, alivyokuwa akitoboa debe la mafuta ya kula matundu mawili, la kumiminia na la kuingizia hewa. Ukitoboa moja mafuta yanatoka kwa kwikwi, halafu yanagoma. Nikairudia kichwani safari yetu nzima. Tangi likifunguliwa, lori linakwenda. Baba akiziba, baada ya mwendo linakohoa.

Nikamwambia Bwana Saidi, "Samahani, kile kitundu cha kwenye kifuniko ni cha nini?" Hata hakuinua kichwa. "Binti, kaa juu. Injini si chungu cha ugali."

Ningeweza kupaza sauti, mwanangu. Ningeweza kusimama juu ya marobota nikasema ni Baba. Nyie wa leo mngesema, tena mngempiga picha. Lakini fikiri. Baba yangu alikuwa mtu mzima mbele ya watu wa kijiji chake, na siku zile mtu kuitwa mhujumu wa mali ya umma halikuwa neno dogo, lingemfuata mpaka kaburini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikashuka, nikamwita nyuma ya lori, nikisema kamba ya sanduku langu imelegea.

"Baba," nikamwambia, "debe la mafuta ya kula unalitoboa matundu mangapi?"

"Mawili. Wewe hujui? La mafuta na la hewa."

"Na tangi la lori?"

Alilitazama lile donge la nta mkononi mwake, akalitazama tangi. Nami nikaona kwamba amejua, na nikaingiwa na hofu ambayo sikuwa nayo kabla. Hapo mimi na yeye tu ndio tuliojua. Wengine wote vichwa vyao vilikuwa ndani ya boneti. Alichohitaji ni kunyamaza mpaka jua lizame, arudi nyumbani na binti yake, na lawama aachiwe Mungu. Mimi nisingethubutu kumtaja, naye alilijua hilo.

Alitazama jua, akanitazama mimi. Kisha akatoa kisu chake cha kurinia, akaenda kwenye tangi, akakwangua nta yote, na kile kitundu akakizibua kwa mwiba.

Lori halikukohoa tena mpaka Tabora. Bwana Saidi alisema mnaona, ilikuwa kabureta, na hadithi hiyo aliisimulia mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na Baba kila mara akimwitikia, "Kweli, Saidi fundi." Mpaka leo inanikereketa.

Tulifika chuoni jua likiwa limebaki kidogo. Baba akanishushia sanduku getini.

"Ningenyamaza, ungerudi nyumbani," akasema.

"Najua, Baba."

"Basi ujue hivyo." Akanigeuzia mgongo akaenda. Aliona haya nimwone analia, nami nilikuwa nimeshamwona.

Sasa sikiliza, na uache kuchezea hiyo spana ninapozungumza. Gari likikohoa, kabla hujafungua kitu uliza nani aligusa nini mara ya mwisho, na usiwaruke waliogusa kwa wema, maana hao ndio hakuna anayewashuku. Kisha gusa kimoja, ujaribu. Wewe umefungua vyote kwa asubuhi moja. Hata likipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na kesho utakuwa hapa tena unanichafulia ua. Ukimjua mwenye kosa, naye ni mkubwa wako, mwite pembeni umuulize swali ambalo jibu lake analo mwenyewe, halafu mwachie alitengeneze kwa mkono wake. Na iko siku, mwanangu, utaishika njia ya mtu mkononi, kunyamaza kwako kutakufaa wewe, na hakuna atakayekulaumu. Siku hiyo ndiyo itakayosema kama tulikulea au tulikufuga tu.

Mungu akupe sikio kabla hajakupa nguvu ya mkono. Akuepushe na mafundi wa barabarani. Na wale walioishika njia yako awatie huruma wakufungulie, hata kama kukufungulia kunawaliza. Amina.