Abiria wa Kiti cha Nyuma

Dereva wa teksi na mkewe, fundi cherehani, walikuwa na miezi miwili hawasemeshani. Chanzo kilikuwa upuuzi mtupu. Nyumbani walitumiana maneno kupitia shemeji aliyeishi nao: mwambie chakula tayari, mwambie chumvi imezidi. Shemeji alipochoka akawaambia bora waachane, na mume, kwa hasira, akapakia cherehani kwenye buti ili amrudishe mke kwao. Barabara ya lami ilizunguka jangwa kwa siku mbili. Nani akae na mtu kanuna siku mbili? Akakata katikati ya jangwa asilolijua.

Sasa shemeji hayupo, wakawa wanakituma kiti cha nyuma. "Mwambie huyo apunguze mwendo," mke alisema bila kugeuka. Mume naye akakiagiza kiti kimwambie huyo afunge dirisha. Watu wazima na akili zao!

Adhuhuri upepo ukafuta njia. Mchanga pande zote, hata ndege hakuna, na maji yamebaki chupa moja. Mke aliona kushoto mawe yaliyopangwa mstari, akataka kusema. Kabla hajafungua mdomo, mume akakata kona.

"Sawa, nimesikia. Nafuata mawe," alikiambia kiti.

Mke hakuwa amesema kitu. Akajipa moyo kwamba ni bahati tu. Baadaye koo likamkauka, na mume, macho mbele, akamsogezea chupa. Akachungulia nyuma. Kiti kilikuwa kitupu, kimejaa vumbi, ila katikati vumbi lilikuwa limebonyea, kama mtu kakaa.

Hapo ndipo alipoogopa kweli, maana lilikuwepo neno moja aliloficha miezi yote miwili. Akajikaza asiliwaze. Hebu jaribu wewe kutowaza kitu!

Mawe yakawafikisha kwenye lami. Kulia ni kwao mke, kushoto ni nyumbani walikotoka. Mume akazima gari, akamtazama mkewe usoni.

"Amesema hutaki kwenda kwenu."

"Mwambie..." mke akaanza kwa mazoea, akakatiza. Machozi yakamlengalenga. "Sitaki, mume wangu. Tangu siku ya kwanza sikutaka."

"Na mimi sikutaka kukuleta."

Akawasha gari, akakata kushoto. Kabla hawajashika mwendo, mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa taratibu, kama abiria aliyefika anakokwenda. Mume alisimamisha gari kidogo, kama alivyozoea kazini, kisha akaendelea.