Moshi wa Betri, Simi-Simi

Juzi fundi wa magari hapa Kisangani alifungua betri kuukuu mbele yangu, na ile harufu kali ikanifikia puani kabla sijageuza uso. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, mtu mzima mimi. Kama hukukulia Simi-Simi, mtaa wetu hapa mjini, enzi za Zaire ya chama kimoja, huenda utanicheka. Ngoja nikueleze.

Avenue yetu ilikuwa na harufu nzuri. Asubuhi ni moshi wa makaa na ndizi za kuchemsha, na bibi yetu, koko, akizitwanga ziwe lituma huku akituita mmoja mmoja tukaoge. Nyuma ya ua wetu kulikuwa na karakana ndogo. Mwenyewe, mwanaume mpole tuliyemwita papa, aliyetugawia peremende, alivunja betri za magari, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kutengeneza vizito vya nyavu. Wachuuzi wa mtoni walivipeleka hadi Basoko. Tanuri lilikuwa moja tu. Moshi ukija tulifunga dirisha, ukapita.

Kisha wateja wakaongezeka. Tanuri likawa la pili, tukasikia anataka kiwanja cha jirani ajenge mengine matatu. Sasa moshi ulikuja kila jioni, mzito, ukiacha uchungu mdomoni. Hata nguo tulizoanika zilinuka. Mdogo wangu wa miaka mitatu akaanza kukohoa. Jioni moja alikosa pumzi mpaka midomo ikawa rangi ya majivu. Koko alimpepea kwa kikwembe chake cha kujifunga kiunoni, nami mlangoni nikihesabu pumzi za mtoto, nikiamini kwamba nikiacha kuhesabu atakufa.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, chef, mkuu wa mtaa, alitukusanya. Akasema karakana itapanuliwa, ni maendeleo ya taifa, tupige makofi. Watu wakapiga. Koko akasimama.

"Papa chef, mimi sikatae kazi ya mutu. Lakini mutoto iko nakosa pumzi. Kuya ukae kwangu saa ya moshi, kidogo tu. Kisha utaniambia kama nipige makofi."

Makofi yakakatika. Chef akauliza polepole, "Mama, unakataa maneno ya chama?"

"Nimekuita kwangu tu, papa."

Majirani wakatazama miguu yao. Mwenye karakana naye akainama. Chef akaamuru makofi tena, na mimi, niliyekuwa nimeshika kikwembe cha koko, nikakiachia, nikapiga. Sikuwahi kumwomba msamaha.

Jumatatu watu wawili wasio na sare walikuja wakamchukua koko. Papa, baba yetu, alizima redio. Kila gari lilipopunguza mwendo, mama alitusukuma chini ya kitanda, na huko chini nilisikia moyo wa mdogo wangu ukidunda kwa kasi kuliko wangu. Hakuna jirani aliyebisha hodi, hata wale waliozoea kuomba chumvi.

Jumatano koko alirudi kwa miguu. Akachota maji, akaoga kwa muda mrefu sana. Tulipomuuliza alisema, "Walinipa kiti." Hakuongeza neno juu ya siku zile mpaka anakufa.

Matanuri yalijengwa. Wiki ile ile aliyorudi koko, papa alimpandisha mdogo wangu mashua kwenda Barumbu, karibu na Basoko, kwa tante, dada yake mama. Tulisema ni mwezi mmoja. Kule kifua chake kilipona, na mwezi ukawa miaka. Akamwita tante mama, akasahau Kiswahili chetu.

Karakana ilishakufa, majirani wametawanyika, na pale penye nyumba yetu pameota majani. Tulipomzika koko, mdogo wangu alikuja, mwanaume wa kifua kipana. Alinisalimia kwa heshima, kama mgeni anavyomsalimia mfiwa, akaniuliza, kwa lugha ya kule alikokulia, nyumba ilikuwa wapi. Nikampeleka. Aliyasogeza majani kwa mguu, kisha akasema hakumbuki kitu. Ni mzima, nashukuru Mungu. Lakini yule ndugu ambaye ningekua naye, tukagombania shuka moja na kuitana majina mabaya, aliondoka na mashua ile, na huyu aliyerudi namheshimu tu, simjui.