Mreno Aliyefuata Shanga Mtinko

Mama yangu ni Mnyaturu wa kijiji cha Mtinko. Baba ana duka la vitambaa mjini Singida, na ukoo wake ulipanda kutoka pwani. Ndiyo maana Teresa, mtafiti kutoka Ureno, alipotafuta mkalimani wa Kinyaturu, alielekezwa kwangu. Alikuwa akifuata shanga za kioo, zile ambazo Wareno wa zamani walizileta Kilwa na Sofala kubadilishana na dhahabu na pembe za ndovu. Wenyewe hawakufika kwetu, alisema, ila shanga zilipita mkono kwa mkono hadi bara, na alikuwa amesikia kwamba moja ipo Mtinko.

"Nenda," mama aliniambia, "lakini huko mgeni mwenye vifaa huogopwa. Watasema amefuata mali waliyozika Wajerumani."

Asubuhi tuliondoka na Hamisi, dereva wa gari la kukodi. Tulipita mashamba ya alizeti na miamba mikubwa. Teresa alikuwa na furaha, anauliza jina la kila kitu. Mimi nilijibu huku nikigeuka nyuma kutazama visanduku vyake vya chuma, nikitamani vingekuwa vimefunikwa.

Mtinko, kwenye ofisi ya kijiji, mtendaji hakuwepo, alikuwa mnadani. Nilipompigia simu akasema, "Tangulieni kwa Bibi Salome, mwenye hiyo shanga, nakuja." Sikupenda kutangulia bila yeye, lakini tulikwenda.

Bibi Salome tulimkuta uani anapeta mtama. Tulimwamkia shikamoo, Teresa naye akajitahidi, bibi akacheka. Nikamweleza kwamba mgeni ni Mreno, na kwamba babu zake ndio walioleta shanga pwani. Shingoni alikuwa na shanga moja ya bluu kwenye kamba ya ngozi. Teresa alipoiona hakuweza kujizuia. Alikimbilia garini, akarudi na kisanduku na taa ya kukagulia.

Elia, mtoto mkubwa wa bibi, akatoka zizini mbio. "Hicho ni chombo cha kutafutia rupia za Wajerumani!" Majirani wakajaa uani, wengine na fimbo. Hamisi alijaribu kuwasha gari, Elia akachomoa ufunguo.

"Nyamazeni," bibi alisema. Kisha akaniambia kwa Kinyaturu, "Mwanangu, muulize huyu. Babu zake walikuja kununua au kunyang'anya?"

Nilimwuliza Teresa kwa Kiingereza.

"Mwambie, yote mawili. Walipouziwa, walinunua. Waliponyimwa, walipiga miji kwa mizinga na kuchoma nyumba."

Hamisi, aliyeelewa Kiingereza, alininong'oneza, "Dada, sema walinunua tu. Tutoke salama."

Nilitazama zile fimbo. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema hivyo. Lakini bibi alikuwa ananikazia macho, na nikatafsiri yote, hata kuchomwa kwa nyumba.

"Mama, umesikia?" Elia akafoka. "Amekiri mwenyewe!"

"Nimesikia. Mwizi hajitambulishi hivyo."

Bibi akavua kamba, akaweka shanga kwenye kiganja cha Teresa. "Aiangalie. Kamba naishika mimi."

Teresa aliinama akaiangalia bila taa. Mwishowe akasema inafanana na zile anazozijua, lakini hawezi kuapa. Bibi akaivaa tena, akarudi kwenye ungo wake.

Ufunguo hatukuupata mpaka mtendaji alipofika na pikipiki, jua limeshapinda. Elia alimkabidhi Hamisi bila kumtazama. "Msirudi na hivyo visanduku."

Njiani kurudi, taa za mji wa Singida zilianza kuonekana.

"Ulimwambia kila kitu?" Teresa aliuliza.

"Kila kitu."

"Uliogopa?"

"Bado naogopa."

Mama alitupokea mlangoni, akanigusa mabega kana kwamba ananikagua. Nilimsimulia mpaka chakula kikapoa. Nilichojifunza ni hiki: uongo ule labda ungetutoa Mtinko mapema, ila bibi asingevua ile kamba. Siku hizi mtu akiniomba nimtafsirie, namwuliza kwanza kama yuko tayari niseme yote.