Pakiti ya Pili Ndani ya Boksi

Kabla ya kuandika bili za wagonjwa niliuza nyanya soko la Warwick, mjini Durban, na kama kuna kitu soko lile lilinifundisha ni kwamba mteja haondoki na fungu tupu. Analipia fungu, unamwongezea mbili juu. Usipoongeza, kesho anakupita kwenda kwa jirani yako, macho mbele kana kwamba hakujui.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini nikapata kazi ya ofisini Umbilo, kwenye kampuni ndogo iliyopeleka dawa za dripu kwa wagonjwa waliotibiwa nyumbani. Nilijivuna kupita kiasi: kiti cha kuzunguka, kompyuta, feni yangu mwenyewe. Lakini kampuni ilikuwa ndogo kweli, hivyo aliyeandika bili ndiye aliyefunga boksi. Mimi huyo.

Mgonjwa niliyempenda kuliko wote alikuwa bibi mmoja wa Chatsworth, wa wale Wazanzibari waliozaliwa hukuhuku Durban. Alikuwa na mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, na dawa ilipitia humo kila siku kwa wiki sita. Kabla ya hapo alikuwa amelazwa muda mrefu, na aliniapia kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha kukokota, kwamba wodini hatarudi kwa miguu yake.

"Labda mnibebe, mwanangu."

Wiki ya tatu mrija ukaziba. Nesi aliyemhudumia nyumbani akaagiza pakiti moja ya kuzibulia: bomba la sindano, maji ya chumvi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Nikaandika bili ya pakiti moja. Halafu mkono wangu, wenyewe tu, ukatia ya pili ndani ya boksi. Bibi wa watu, mteja mzuri, unampaje moja tupu?

Ya kwanza haikufua dafu. Ya pili ikazibua. Nesi, mwanamke wa Uvira, Kongo, asiyejua kupindisha jambo, akaandika kwamba ametumia mbili. Bima wakaweka karatasi yake kando ya bili yangu, wakauliza mgonjwa aliyeuziwa moja ametumiaje mbili. Wakasimamisha kibali cha matibabu yote ya nyumbani mpaka wapate maelezo. Ijumaa ikipita bila kibali, bibi anarudi wodini, na alishaambiwa.

Nilikasirika, kwanza na bima, kisha na nesi, mwisho kabisa na mwenye kosa. Nikampigia nesi.

"Dada, andika tu moja. Iko shida gani?"

"Eish, hapana. Nilitumia mbili. Nikiandika moja, siku ingine mrija ukiziba, dokta atawaza moja inatosha. Ni weye uliweka, ni weye useme."

Ijumaa asubuhi nikapiga simu bima, nikijua naweza kurudi kwenye nyanya kabla ya chakula cha mchana. Akapokea mama mmoja wa Kizulu mwenye sauti ya kuchoka. Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha sokoni: fungu, nyanya mbili juu, boksi, mkono wangu.

Akaangua kicheko mpaka nikaondoa simu sikioni.

"Kumbe ulimpa bonsela!"

Ndivyo wanavyoita nyongeza hapa. Bibi yake, akasema, aliuza machungwa na hakumwacha mtu aondoke bila moja la juu. Mara sauti ikakaza. Dawa si machungwa, kila pakiti lazima ionekane kwenye karatasi. Akaniamuru nitume bili mpya yenye mstari wa pili: pakiti moja, zero rand, sababu niandike na kusaini mwenyewe. Nikaandika kwamba ilikuwa zawadi, na kosa ni langu. Saa tano kibali kikaingia. Bosi aliniwakia robo saa nzima, nami nikamsikiliza nikitabasamu kama mwehu.

Nikampigia bibi kumwambia hatoki nyumbani kwake. Nilitarajia vigelegele. Badala yake nikasikia zipu ikifunguliwa.

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema. "Natoa nguo zangu kwenye begi. Nilishafunga tangu jana."