Tarehe Iliyokosekana Msalabani

Mimi ni fundi wa maandishi pale Salgaa, kituo cha malori. Malori yakiegeshwa ili madereva wapate chakula, mimi huchuchumaa nyuma ya lori na brashi yangu, nikiandika chochote mwenyewe anachotaka: jina la Mungu, jina la mke, kijembe kwa jirani mwenye wivu. Kukiwa na msiba huandika misalaba. Kwetu msalaba lazima uwe na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, na fundi akikosea moja atakiona cha mtema kuni.

Serikali ilipotangaza kwamba vijana wetu wamevuka mpaka kwenda kupigana, kazi yangu ilinoga. Kila mwenye lori alitaka bendera na bunduki. Televisheni ya hoteli ilionyesha vifaru vikienda mbele tu, havirudi nyuma hata siku moja, nasi tukashangilia kama mpira. Mdogo wangu alikuwa huko. Nilichukua picha aliyonitumia kwa simu, nikachora uso wake nyuma ya lori la kabichi kutoka Mau Narok, na chini yake nikaandika kwa herufi nyekundu: VIJANA WETU WANASHINDA. Nilimaliza kwa nusu siku. Mama alipanda boda kuja kuona, akapiga vigelegele mbele ya madereva. Hakuna mtu aliyeniuliza nimejuaje kwamba wanashinda, na mimi sikujiuliza.

Jumapili moja mbunge wetu alikuja kanisani kutuomba tuunge mkono vita. Alisema tusipowafuata maadui kwao, watatufuata vitandani. Mwalimu mmoja mstaafu, yule aliyenifundisha kushika kalamu nikiwa darasa la kwanza, alisimama.

"Mheshimiwa," akasema, "wangapi wamekufa mpaka sasa? Sisi ndio tulikupigia kura. Tuambie tu."

Mimi ndiye niliyepaza sauti kwanza. "Mzee, keti chini! Wacha wageni waongee!"

Kanisa zima likacheka na kupiga makofi. Mama pia alipiga. Mwalimu akaketi, kofia yake magotini, na hakuna aliyemsalimia tulipotoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Miezi michache baadaye kambi ya kina mdogo wangu ilivamiwa. Tulijua kwa picha zilizozunguka kwenye simu. Ndipo msemaji akatokea kwenye televisheni, suti imenyooka, akasema hali imedhibitiwa na tuache kusambaza uvumi. Nilipiga simu ya mdogo wangu mpaka kidole kikachoka. Imezimwa. Mama ndiye aliyekuwa akinituliza.

"Si wewe mwenyewe uliandika wanashinda?" aliniambia, akachukua jembe akaenda kupalilia mahindi ya mdogo wangu.



Walituletea jeneza lililofungwa kwa skrubu, na amri kwamba lisifunguliwe. Kwetu mama humtazama mwanawe usoni kabla ya udongo. Mama yangu alikatazwa, akameza uchungu. Kilichomshinda kumeza ni msalaba. Nilikuwa nimeandika tarehe ya kuzaliwa na kuacha nafasi chini yake, maana karatasi waliyotupa ilisema tu kwamba alifariki akiwa kazini. Nilimuuliza afisa aliyekuja na jeneza niandike nini.

"Weka tu ya leo, boss," akasema, akitazama saa yake.

Leo! Siku ya kumzika! Mtu wetu alikuwa amekufa siku nyingine, saa nyingine, pengine siku ileile msemaji alipotuambia hali imedhibitiwa, na huyu ananiambia niweke ya leo.

Mbunge alikuwa ameshika maikrofoni, akisema shujaa ameanguka na ushindi u karibu. Mama akasimama. Hakulia.

"Mheshimiwa, kijana yangu alikufa siku gani? Huyu ndugu yake anataka kuandika."

Mbunge aliwatazama maafisa, maafisa wakatazama nyasi. Kisha sauti ikatoka chini ya hema: "Mathe, keti chini! Wacha wageni waongee!"

Alikuwa jirani yetu, fundi wa pikipiki, mtu mzuri ambaye tumekula naye mezani mara nyingi. Nilikuwa na nyundo ya kupigilia msalaba mkononi, na Mungu anisamehe kwa nilichotaka kufanya nayo. Lakini ningempiga kwa kosa gani? Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Wachache walipiga makofi. Mwalimu alivua kofia, akaja akasimama kando ya mama, na hakuketi mpaka mbunge alipomaliza.

Lori la kabichi bado linapita Salgaa. Nilimsihi dereva aniache niyafute maandishi yale hata bila malipo.

"Wacha ikae, boss," akasema. "Hiyo picha inanisaidia kwa roadblock ya polisi. Karao wakiiona hawanisumbui."

Nilitumia rangi ya mafuta. Haichuji kwa jua wala mvua. Tarehe ya mdogo wangu iko kwenye faili fulani, katika ofisi fulani ninayoilipia kodi, na nimekwenda huko nikaambiwa nirudi hadi nimechoka. Kila Jumapili mama hupitia kaburini, na akirudi huniuliza, "Umeandika?"

Namjibu bado, naye huutazama mkono wangu wa kulia, ule wa brashi.